Je, Wajua? Vitamini, mimba na chungu cha Nakivale

Je, wajua kwamba mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa? Piga hesabu: hedhi ikichelewa wiki 2, kazi hiyo imekwisha. Mama bado anajiuliza kama ni malaria au ni uchovu wa shamba, na mgongo wa mwanawe umeshafungwa, au umebaki wazi. Vitamini inayohitajika mno wakati huo ni foleti, ambayo kwenye famasi inauzwa kama asidi ya foliki. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linamshauri mwanamke ameze mikrogramu 400 kila siku tangu anapoanza kutafuta mtoto mpaka wiki ya 12 ya ujauzito, asingoje tumbo lionekane.

Je, wajua kwamba kwa utafiti wa kitaifa wa Uganda wa mwaka 2016, chini ya theluthi moja ya wajawazito walifika kliniki mara ya kwanza ndani ya miezi 3 ya mwanzo? Vidonge wanavyopewa pale ni vizuri na wavimeze vyote, kwa kuwa vinaongeza damu. Ila kwa mgongo wa mtoto vimeshachelewa.

Vitamini hii iligunduliwa kwa sababu ya wanawake maskini wajawazito, jambo ambalo hatulisikii vya kutosha. Mwaka 1931 daktari Mwingereza Lucy Wills, akiwa Bombay, aliripoti kwamba wajawazito, wakiwemo wafanyakazi wa viwanda vya nguo waliokuwa wakifa kwa kupungukiwa damu, walipona walipolishwa Marmite, ile rojo nyeusi ya hamira. Hakujua ndani yake mna nini, akajua tu kwamba inaponya. Miaka 10 baadaye wanasayansi wa Marekani walikitenga kitu hicho kutoka kwenye majani ya spinachi.

Majani hayohayo, au ndugu zake, yako kila mahali Nakivale. Makazi haya ya wakimbizi yako wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, kando ya ziwa lenye jina hilohilo. Ni miongoni mwa makongwe kabisa barani Afrika, kwani Wanyarwanda wa kwanza walifikia hapo mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo wanaishi hapo Wakongomani, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea, zaidi ya watu 100,000, kuanzia Base Camp hadi Juru na Rubondo. Mboga ambayo Mganda anaiita dodo, Mkongomani anaiita lengalenga, na Mtanzania akipita atasema ni mchicha. Wote wanakula foleti ileile.

Je, wajua kwamba nusu ya foleti hiyo inaweza kumwagwa nje ya mlango? Tazama chungu cha lengalenga jioni. Majani yamechemka mpaka yamelala, maji yamegeuka kijani kizito, mama anainamisha sufuria, anazuia majani kwa mfuniko na kumwaga maji yote. Foleti huyeyuka kwenye maji. Watafiti wa Ireland ya Kaskazini waliochapisha matokeo yao mwaka 2002 walipima spinachi na kukuta kwamba iliyochemshwa ilibaki na karibu nusu tu ya foleti yake, wakati iliyopikwa kwa mvuke haikupoteza kitu cha maana. Basi katakata mboga, tia maji kidogo sana, funika, pika kwa muda mfupi, na mchuzi uliobaki ule na bugari. Sombe ni jambo jingine: majani ya muhogo yana sumu, lazima yatwangwe na yachemshwe sana, usiyafupishie muda kwa ajili ya vitamini.

Maharage ndiyo rafiki mkubwa zaidi. Kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva huweza kuwa na mikrogramu 200 za foleti na zaidi, kulingana na aina. Hata hivyo mwili hufyonza foleti ya chakula kwa kiasi pungufu kuliko ile ya kidonge, kwa hiyo anayetafuta mtoto ale maharage na kidonge ameze.

Kidonge kipi? Hapa ni pa kutulia kidogo. Kwenye famasi nyingi za mji wa Mbarara ukiomba foliki utahesabiwa vidonge vidogo vya manjano, vitiwe kwenye kibahasha, kalamu iandike 1×1. Mara nyingi ni vya miligramu 5. Hiyo ni zaidi ya mara 12 ya mikrogramu 400. Dozi kubwa namna hiyo ina watu wake: aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, mwenye selimundu, mwenye kisukari, anayetumia dawa za kifafa. Mwingine asome kilichoandikwa kwenye pakiti kabla ya kulipa, na aulize kama kuna ya mikrogramu 400 au kidonge cha pamoja cha madini chuma na foliki.

Je, wajua kwamba foliki ya miligramu 5 inaweza kuipunguzia nguvu dawa ya malaria? Wajawazito wa Uganda hupewa Fansidar kliniki kuanzia miezi mitatu ya kati ili kujikinga. Dawa hiyo humuua kijidudu cha malaria kwa kumkatia njia ya kutumia foleti. Ukimeza foliki nyingi kupita kiasi, unamrudishia chakula chake. Mikrogramu 400 haina shida hiyo. Mwambie mkunga kila kidonge unachomeza, hata ulichonunua mwenyewe.

Je, wajua kwamba matoke, pamoja na heshima yake yote Ankole, yana vitamini A kidogo na madini chuma kidogo? Isingiro inasafirisha ndizi kwa malori, na mtu anaweza kushiba matoke mwaka mzima huku mwili ukikosa vitu hivyo viwili. Wataalamu wa taasisi ya utafiti wa kilimo ya Uganda, NARO, walishirikiana kwa miaka mingi na timu ya James Dale wa Australia kutafuta ndizi yenye vitamini A zaidi.

Viazi vitamu vya rangi ya chungwa vimetangulia. Mganda Robert Mwanga alitumia maisha yake ya kazi kuzalisha mbegu za viazi, na aina mbili zilizotolewa mwaka 2007, Kabode na Vita, zimeenea vijijini. Mwaka 2016 alipewa Tuzo ya Chakula Duniani pamoja na Maria Andrade, Jan Low na Howarth Bouis. Mashina ya viazi hivyo yanapandwa hata kwenye kiwanja kidogo cha mkimbizi. Kwangu mimi hicho ni kidonge bora kuliko vingi vinavyouzwa kwenye chupa.

Lakini maini yasiliwe ovyo na anayetafuta mimba. Vitamini A ya wanyama ikizidi mwanzoni mwa ujauzito huweza kumlemaza mtoto. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa mjamzito ni yuniti 10,000 kwa siku, na gramu 100 tu za maini ya ng'ombe zinaweza kukizidi mara 2. Kipande kidogo mara moja moja hakina neno. Na zile kapsuli za vitamini A wanazodondoshewa watoto mdomoni zina yuniti 100,000 au 200,000. Mama asiombe ya kwake. Rangi ya chungwa ya viazi, maboga na karoti haina hatari hiyo, kwa sababu mwili huibadilisha kuwa vitamini A kadiri unavyohitaji.

Je, wajua kwamba mwaka 1990 wakimbizi 18,276 wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliugua pelagra? Ngozi zilikauka na kubanduka shingoni na mikononi, wakaharisha, wengine wakachanganyikiwa. Chanzo: karanga zilikuwa zimekatika kwenye mgao. Mahindi peke yake hayampi mtu vitamini B3 ya kutosha, maana iliyomo imefungwa na mwili hauwezi kuifungua. Karanga ndizo zilizokuwa zikiziba pengo. Kitu kimoja kidogo kiliondolewa kwenye orodha, na maelfu wakaugua.

Nakumbusha hilo kwa sababu ya Nakivale. Mgao wa Shirika la Chakula Duniani kwa wakimbizi wa Uganda ulipunguzwa hadi asilimia 70 mwezi Aprili 2020, kisha hadi 60 mwanzoni mwa 2021. Mwaka 2023 watu waligawanywa kwa mafungu, wengine wakabaki na asilimia 30, wengine bila kitu. Mwezi Mei 2025 wakimbizi wapatao milioni 1 nchini Uganda waliondolewa kwenye msaada wa chakula. Watu huhesabu kalori zilizopotea. Mimi nahesabu pia vitamini, kwa kuwa mafuta ya msaada hutiwa vitamini A na D, na unga wa uji hutiwa vitamini na madini chungu nzima. Anayepewa fedha badala ya chakula huenda sokoni kununua unga wa kinu cha karibu na mafuta ya kupimiwa, na huenda vyote viwili havijaongezwa chochote.

Sheria ipo. Tangu mwaka 2011 kanuni za Uganda zinataka viwanda vikubwa viongeze virutubishi kwenye unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula. Vinu vidogo vya posho havimo, na hivyo ndivyo vinavyowalisha maskini. Chumvi yenye madini joto imepata mafanikio makubwa zaidi na inafika karibu kila jiko. Hilo si dogo kwa anayetafuta mtoto: madini joto yakipungua, tezi ya shingo hulegea, na mayai hukosa kupevuka.

Je, wajua kwamba njaa yenyewe huzuia mimba hata kabla ya kuzungumzia vitamini? Majira ya baridi ya 1944 na 1945, Wajerumani walipoifungia Uholanzi ya magharibi chakula, wanawake wengi walikosa hedhi, na miezi 9 baadaye hospitali za wazazi zilikuwa nusu tupu. Chakula kiliporudi, mimba zilirudi. Mwanamke aliyekonda kupita kiasi na hedhi yake imepotea anahitaji mlo kwanza. Kumuuzia chupa ya vitamini ni kumwonea.

Sasa swali ambalo wengi wanalo moyoni: vitamini zinaleta mimba? Jibu langu ni kwamba kwa wengi, hapana, na anayeahidi vinginevyo hana ushahidi.

Chanzo cha imani hiyo kina historia yake. Mwaka 1922 Herbert Evans na Katharine Bishop huko Berkeley, California, waliwalisha panya chakula kisicho na kitu fulani. Panya walishika mimba, lakini mimba zilikufa. Walipopewa majani ya letusi wakazaa. Kitu hicho ndicho vitamini E, na tangu hapo inauzwa kama vitamini ya uzazi. Binadamu si panya wa maabara: upungufu wa vitamini E unaotokana na chakula ni nadra sana kwetu, na hakuna ushahidi imara kwamba kuimeza humpa mwanamke mtoto.

Wanaume nao wanauziwa. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 ulifuatilia wenzi 2,370 waliokuwa wakitibiwa ugumba. Nusu ya wanaume walimeza zinki na foliki kwa miezi 6, nusu wakameza vidonge visivyo na dawa. Mbegu hazikuwa bora, watoto hawakuzaliwa wengi zaidi, na waliomeza vidonge vya kweli ndio waliolalamika zaidi kuumwa tumbo.

Vitamini D je? Nakivale iko chini ya digrii 1 kutoka ikweta, jua lipo mwaka mzima, na bado mwanamke anayejifunika mwili wote na kukaa ndani anaweza kupungukiwa nayo. Ni muhimu kwa mifupa yake na ya mtoto, kwa hiyo apate jua uani, mikono na miguu wazi, panapo faragha. Kwa upande wa kushika mimba, utafiti wa Italia uliotolewa mwaka 2021 uliwapa wanawake waliokuwa wakipandikizwa mimba dozi moja kubwa ya vitamini D. Waliopata na wasiopata walishika mimba kwa kiwango kilekile.

Kuna habari yenye matumaini kidogo: kati ya wauguzi 18,555 wa Marekani waliofuatiliwa kwa miaka, waliomeza vidonge vya vitamini mchanganyiko karibu kila siku walipata kwa uchache ugumba wa mayai kutopevuka. Lakini hao walichagua wenyewe kumeza, na huenda walikuwa na mengine mazuri maishani mwao. Utafiti wa namna hiyo unaonyesha njia, hauthibitishi.

Je, wajua kwamba vitamini B12 haimo kwenye mmea wowote tunaoupanda? Imo kwenye maziwa, mayai, nyama na samaki. Upungufu wake mkubwa ni miongoni mwa machache ambayo kweli yameripotiwa kuzuia mimba, na ukitibiwa mimba imeshika. Wahima na ng'ombe wao wa pembe ndefu hawana wasiwasi. Mwenye posho na maharage tu, siku zote, ndiye wa kuangaliwa. Kopo la dagaa, wanaoitwa mukene Uganda na ndagala kwa Warundi na Wakongomani, lina B12 nyingi kwa bei ambayo nyama haiwezi kuifikia, na wakiliwa na kichwa na mifupa wanaleta kalsiamu pia.

Damu. Ule utafiti wa kitaifa wa Uganda wa 2016 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa Uganda wenye umri wa kuzaa wana upungufu wa damu. Kuingia kwenye ujauzito ukiwa tayari huna damu ni hatari siku ya kujifungua. Chai, iwe ya Mkongomani au shaah ya Msomali yenye iliki, ikinywewa na chakula huzuia madini chuma ya maharage kufyonzwa. Ingoje saa moja. Limau lililokamuliwa juu ya mboga hufanya kinyume chake, husaidia. Udongo unaotafunwa na wajawazito, na vijiti vya udongo viitwavyo emumbwa vinavyouzwa masokoni, navyo huzuia madini chuma. Anayetamani udongo apimwe damu, maana mara nyingi tamaa hiyo ni dalili.

Je, wajua kwamba mahindi yenye ukungu yanaweza kuizuia foleti isifanye kazi? Mwezi Aprili 1991, katika hospitali moja ya Brownsville, Texas, watoto 3 walizaliwa bila ubongo kamili ndani ya saa 36. Uchunguzi wa baadaye mpakani hapo uliwatazama wanawake waliokula chapati za mahindi yenye sumu ya ukungu iitwayo fumonisini, ambayo huzuia foleti kuingia kwenye seli. Yaanike mahindi mpaka yakauke kabisa, na yaliyooza usiyapeleke kinuni.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba mtu 1 kati ya 6 hukumbana na ugumba wakati fulani maishani. Afrika Mashariki na Kati, sababu kubwa ni mirija iliyoziba kwa kisonono, klamidia, au maambukizi baada ya kuzaa au mimba kuharibika. Hakuna vitamini inayozibua mrija. Na katika karibu nusu ya wenzi wanaokosa mtoto, mwanaume ana sehemu yake. Kupima mbegu ni rahisi kuliko kipimo chochote anachofanyiwa mwanamke, na bado mke ndiye anayeachwa au kuletewa mwenzake kabla mume hajapimwa. Hilo linaniumiza kuliko yote niliyoandika hapa.

Aliyekuwa akichomwa Depo, sindano ya kuzuia mimba, naye asikate tamaa upesi. Uwezo wa kushika mimba hurudi, kwa wastani, miezi 9 au 10 tangu sindano ya mwisho. Wengine husubiri zaidi. Tumbo halijakauka.

Wenzi ambao mwanamke ana chini ya miaka 35 wajaribu mwaka mmoja, akizidi umri huo miezi 6, kisha waende pamoja. Kituo cha afya ndani ya makazi kitaanza na vipimo vya maambukizi na damu, na barua ya rufaa hupeleka Hospitali ya Rufaa ya Mbarara, ambako madaktari wa chuo kikuu cha huko hufundishia. Tiba ya kupandikiza mimba ipo Uganda tangu mtoto wa kwanza alipozaliwa kwa njia hiyo mwaka 2004 Kampala, ila gharama yake ni mamilioni ya shilingi.

La mwisho ni kwa mama aliyezaa mtoto mwenye mgongo wazi au kichwa kikubwa. Ruharo, pale Mbarara, kuna kituo cha OURS kinachowahudumia watoto hao, na Mbale kuna hospitali ya CURE inayowapasua. Ukimpeleka mwanao, uliza pia habari zako mwenyewe. Utafiti wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, uliochapishwa mwaka 1991, uliwapa wanawake waliowahi kubeba mtoto mwenye tatizo kama la mgongo wazi miligramu 4 za foliki kila siku kabla ya kushika mimba nyingine. Hatari ya tatizo kurudi ilipungua kwa asilimia 72. Omba dozi hiyo iandikwe kwenye kadi yako mapema, angalau mwezi mmoja kabla hujaanza kumtafuta mtoto mwingine.